Nilisema "Iko" Mlangoni pa Kanisa

Ninyi vijana mnaoanza kuuza dukani, msikubali mtu awaambie kwamba kazi hii ina saa ya kutoka. Duka linafungwa saa kumi na moja, kweli, kwa kufuli mbili. Lakini uso wako hauna kufuli. Mimi niliuza vitu vya kushonea hapa Bukavu kwa miaka thelathini na mmoja: nyuzi, vifungo, sindano, fermetiri, yaani zipu, za suruali, lastiki, na vyuma vya cherehani. Katika miaka hiyo yote sidhani niliwahi kutembea hatua kumi bila mtu kunishika koti na kuniuliza kama uzi wa zambarau umefika. Jina langu la ubatizo lilikufa mapema. Mji mzima uliniita Papa Sindano, hata mama mkwe wangu, ambaye alilitafuta lile jina jingine miaka mingi bila kulipata.

Nawaandikia kwa sababu juzi mjukuu wangu, anayeuza nguo kwa simu, alilalamika kwamba wateja wanamwandikia hata Jumapili. Nilicheka nusura nianguke kitini. Mtoto, wewe wanakuandikia! Mimi daktari wa meno aliniuliza kama vifungo vyeupe vya blauzi vimebaki, koleo likiwa kinywani mwangu. Na alingoja jibu. Jino nusu ndani, nusu nje, naye anangoja jibu.

Siku nyingine nilikuwa darasani. Diploma yangu niliipata kwa shule ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na minne, dawati moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Mwalimu wa hesabu aliniita ubaoni mbele ya mkaguzi. Nikashika chaki, mkaguzi akinitazama. Akaniinamia sikioni: "Papa Sindano, mbele ya kuanza, ile lastiki ya santimeta mbili iko bado?" Nikasema iko. Nikaanguka hesabu ile. Lastiki nayo haikuwako.

Hapo ndipo pana maneno yangu ya leo. Sikilizeni vizuri.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Papa Déo, muuzaji wa kwanza wa duka letu, mtu mfupi aliyevaa tai hata wakati wa kufagia. Yeye ndiye aliyenionyesha kupima ncha ya sindano kwa kuipitisha polepole juu ya ukucha wa gumba: ikikwaruza, imekufa, itupe. Alinifundisha kwamba uzi hauchaguliwi chini ya taa. Unautoa mlangoni, kwenye mwanga wa mbingu, na unachukua ulioiva rangi kidogo kuliko kitambaa, kwa sababu ukishashonwa utaonekana umepauka. Buati ya kaneti, kile kikopo kidogo cha chuma kinachokaa chini ya sindano na kushika uzi wa chini, unaiangusha juu ya kontwari, ile meza ya kuuzia, na kusikiliza. Chuma cha kweli kinaimba. Cha uongo kinakohoa.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja. Mteja akiuliza kitu, huruhusiwi kusema "iko" mpaka mkono wako umegusa kitu chenyewe. Hata kama ulikiona asubuhi. Hata kama umekipanga wewe. Unageuka, unapanda ngazi, unagusa, ndipo unasema. Nilipokuwa mgeni niliona ni ukaidi wa wazee. Siku moja mama mmoja aliuliza vifungo vya pembe, nami nikajibu palepale, "Iko!" Papa Déo akanipiga rula ya mbao mkononi mbele ya wateja, pa!

"Uligusa?"

"Hapana, Papa Déo, lakini jana..."

"Jana haiuzwe. Gusa kwanza, sema nyuma."

Basi ndani ya duka nikawa mtakatifu wa kugusa. Ila nje ya duka, vijana wangu, hakuna rafu. Utagusa nini barabarani? Papa Déo yeye alikuwa akijibu watu wa nje kwa kuinua kofia na kunyamaza. Mimi kunyamaza sikuumbiwa. Nikajitengenezea dawa: mtu akinikamata nje, namwambia, "Iko, pitia lundi." Lundi ndiyo Jumatatu yetu huku. Neno tamu kama sukari! Mtu anafurahi, anakuachia koti, unaenda zako. Nikalitumia harusini, matangani, sokoni, hata kwenye foleni ya choo cha stade, uwanja wa mpira. Wengine walipita Jumatatu, wakakuta iko kweli. Wengine wakakuta haiko, nikawaambia imeisha dakika hii hii. Hakuna aliyekufa.

Vita vya kwanza vilipoingia mjini nilipata onyo. Sikulisoma. Tulikuwa tunakimbia kuelekea Walungu, mji wote barabarani, mabomu yanalia nyuma yetu kama milango ya mbinguni inayofungwa. Mimi nilikuwa na godoro kichwani, mke wangu amebeba mtoto, na mtu mmoja akanikimbilia ubavuni akiwa na mbuzi shingoni. Nilidhani anataka kunionya njia imezibwa. Akahema, akasema:

"Papa Sindano! Ile fermetiri ya kahawia, ya santimeta makumi sita, ilifika?"

Nilishangaa hadi godoro likainama. Na unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Iko! Pitia lundi!" Tukaendelea kukimbia wote wawili, kila mtu na mzigo wake. Tuliporudi baada ya wiki kadhaa, duka limeporwa hata misumari ya ukutani, nilikuwa nimesimama katikati ya vumbi na ufagio, na yule mtu akaingia. Mbuzi hakuwa naye tena. Akatazama rafu tupu, akanitazama mimi, akasema bila kucheka, "Leo ni lundi." Nilicheka peke yangu. Mke wangu nilipomsimulia hakucheka hata kidogo.

Sasa vita vya pili. Wenye bunduki walikuwa wametawala mji, bidhaa zinafika kwa kudondoka kama maji ya bomba bovu, na duka letu lilikuwa wazi siku tatu kwa wiki. Nilikuwa na uzi mweusi, uzi mweupe, na Mungu. Jumapili moja nilitoka misa na njaa ya simba, nyumbani kuna bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, nimeshashuka ngazi ya pili ya kanisa, mkono ukanishika. Alikuwa mama mwembamba, kitenge kimefuliwa mpaka maua yake yakachoka. Walimwita Maman Noella. Alikuwa mshonaji wa Kalehe, mteja wetu wa zamani, amekuja mjini kwa boti kumzika dada yake.

"Papa Sindano, jambo. Buati ya mashini yangu imepasuka. Ile ya mukono, ya zamani. Uko nayo?"

"Iko, maman. Pitia lundi."

"Lundi nitakuwa Kalehe. Na buati siwezi kuichukua bila kuipima ku mashini. Nitarudi nyumbani, nikuje nayo."

"Kuja nayo siku yoyote."

Akaniangalia. Hakuachia mkono. "Uliiona na macho yako? Sababu ile mashini njo inalisha batoto sita, Papa. Batatu bangu, na batatu ba dada yangu mwenye tumezika jana. Kwetu benye bunduki balibeba yote. Balituachia mashini tu, sababu tuliificha ndani ya shimo."

"Maman," nikasema, na nikapiga kifua, ole wangu, "unauliza Papa Sindano kama anajua sindano?"

Akatabasamu, akaniachia. Nikaenda kula sambaza zangu. Nilikula sahani mbili.

Siku kumi na mbili zikapita. Ndani ya siku hizo mapigano yalianza upande wa kaskazini, boti zikakatazwa ziwani, na hapa mjini watu wakakubaliana kufanya ville morte: kila mtu amefunga duka lake, amekaa kwake, kuwaonyesha watawala kwamba tumechoka. Siku ya kwanza ya ville morte nilikuwa kwangu Nguba, nimevaa singlendi, nanyoa ndevu uani. Raha yangu ilikuwa hii: leo hakuna mtu mjini atakayeniuliza kitu. Mke wangu, Maman Esther, akaja na uso ambao sikuuelewa.

"Kuko mugeni wako."

Maman Noella alikuwa amesimama kwenye lango. Mashini iko mgongoni, kamba ya kubebea inapita kwenye paji la uso kama mama zetu wanavyobeba makaa, na ile kamba ilikuwa imechimba mfereji kwenye ngozi. Miguuni viatu viwili visivyofanana. Boti hakuna, basi alikuwa amekuja kwa miguu. Siku mbili, Kalehe mpaka Bukavu, katikati ya vita, kwa sababu mtu mmoja mwenye njaa alimwambia "iko".

Vijana, nilipigwa na butwaa hadi wembe ukanikata. Alama ninayo mpaka leo hapa kidevuni, njooni niwaonyeshe.

Tukamshusha mzigo. Mke wangu akamletea maji, kisha uji. Akatueleza safari kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Amepita vizuizi vitano vya askari. Kila kizuizi wakamwambia ashushe mashini, kila kizuizi wakaitaka.

"Nikabaambia: imekufa. Mufungue muone. Bakazungusha mukono wake, uzi ukajifunga kama matumbo ya kuku. Bakanitukana, bakaniachilia. Mashini yenye imekufa hakuna anayeitaka." Akanywa uji. "Sasa kurudia njia ile nayo ikiwa nzima, siwezi. Bataichukua ku kizuizi cha kwanza. Lakini nimesikia leo saa nane kuko boti moja imeruhusiwa. Njo maana nimefika mapema, Papa. Unipatie buati, nishuke ku boti."

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Mnaona hesabu yangu ilivyokuwa? Bila buati, mama huyu anarudi Kalehe na chuma kisichoshona, kwa watoto sita. Na saa nane boti inaondoka.

Hapo nilipaswa kusema kweli. Badala yake nikavaa shati, nikasema, "Ngoja kidogo, maman, nafika," kama mtu anayekwenda kuichukua. Mke wangu akanisindikiza mpaka langoni.

"Iko?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Itakuwa."

"Sikukuuliza kama itakuwa."

Nikaondoka mbio. Na sasa, vijana, chekeni mkipenda: asubuhi ile mimi mwenyewe nikawa yule mteja. Maduka yote yamefungwa, basi nilikwenda kuwagongea wauzaji wenzangu majumbani, siku yao ya mapumziko. Wa kwanza alitokea na taulo kiunoni na povu masikioni.

"Papa Sindano, weye! Mi niko na kongé leo!"

"Buati moja tu, ya mashini ya mukono. Hata ya zamani."

"Hata Mungu ana siku ya kupumzika!" Akafunga mlango, na povu likabaki kwenye komeo.

Wa pili alinitukana kupitia dirishani, lakini kwa heshima, maana alikuwa mzee wa kanisa. Wa tatu ndiye niliyemtegemea, muuzaji mwenye stoo kubwa kule Kadutu. Nikapanda mlima wote ule, miguu inawaka, nikaambiwa yuko matangani kwa jirani. Nikamkuta amekaa kwenye benchi katikati ya waombolezaji, kichwa chini. Nilijua si adabu. Nikajisogeza nyuma yake, nikamnong'oneza: "Pole sana. Buati ya kaneti, ya mashini ya mukono, uko nayo?"

Hakugeuka hata kichwa. Akasema kwa sauti laini, tamu, iliyozoea:

"Iko. Pitia lundi."

Nilisimama pale kama aliyemwagiwa maji ya ziwa. Nilijua palepale kwamba haiko. Nilijua kwa sababu ile sauti ilikuwa yangu. Hakuna mtu ambaye angeweza kunidanganya kwa sauti ile, na kumbe miaka yote mimi nilikuwa nawapa watu kitu hiki. Nikateremka mlima bila kusikia miguu.

Nilipofika nyumbani ilikuwa imepita saa sita. Mashini ya mgeni ilikuwa mezani, imefutwa mafuta na vumbi, nao mama wawili wameketi kama ndugu wa tumbo moja. Karibu na dirisha ilikuwa mashini ya mke wangu, ile ya kukanyaga kwa miguu. Kusema kweli ndiyo iliyokuwa inatulisha, maana duka la siku tatu lilinipa mshahara wa siku tatu. Alikuwa na kazi juu yake, blauzi ya sare ya mtoto wa jirani.

Nikabaki mlangoni. "Maman Noella," nikasema. "Haiko. Hata siku ile haikuwako."

Hakulia. Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alitazama mikono yake, akasema tu, "Nilikuuliza mara mbili."

Mke wangu akasimama. Akaenda kwenye mashini yake, akavuta kibati cha chini, akaingiza vidole viwili, akatoa buati yake. Akaiangusha kwenye saruji mbele ya miguu yangu. Ikaimba. Akaiokota, akaniwekea kiganjani, akafunga vidole vyangu juu yake kama mtu anayempa mtoto sarafu.

"Umegusa?"

"Nimegusa."

"Sasa umwambie."

"Iko," nikasema. Nikamnyooshea mgeni.

"Maman Esther, hapana!" Maman Noella aliruka. "Na weye utashona na nini?"

"Mi nitashona na mukono mupaka huyu bwana alete ingine. Si njo yeye Papa Sindano?" Bei walielewana wao kwa wao, mimi sikuulizwa, na sikuthubutu kuuliza.

Mshukuruni Mungu kwamba mashini zao zilikuwa za ukoo mmoja. Buati iliingia. Lakini kuingia si kushona. Kuna parafujo ndogo ubavuni, kama jicho la sisimizi, inayokaza uzi. Unaipima hivi: unashika ncha ya uzi, buati unaiacha ining'inie, unaitikisa kidogo. Ikianguka moja kwa moja, imelegea. Ikikataa kushuka, imekazwa mno. Inatakiwa iteremke kidogo na kusimama, kama buibui anayefikiria. Nilikuwa naigeuza parafujo kwa ncha ya kisu, na saa ikagonga saba na nusu. Tukabeba vyote, tukateremka ufukweni.

Ufukweni pale Nguba palikuwa na watu labda elfu kumi, au tuseme mia mbili, wote wanangoja boti moja. Kulikuwa na askari wanne wanaosimamia. Na sasa sikieni kosa langu la pili, ambalo mtu asiyekuwa muuzaji hangeweza kulifanya. Papa Déo alitufundisha kwamba chuma cha mashini hakitoki mkononi mwako bila kujaribiwa mbele ya mteja. Damu yangu ikakumbuka kazi, akili ikasahau vita. Nikaweka mashini juu ya pipa lililopinduliwa, nikasema kwa fahari, "Maman, ujaribu kwanza!" Naye, fundi ni fundi, akaingiza pindo la kitenge chake na kuzungusha mkono. Takatakatakataka! Mshono ulinyooka kama barabara ya Wabelgiji.

Mashini imefufuka. Na ufuko wote umesikia.

Askari mmoja akageuka. Kijana mrefu, bunduki begani, macho mekundu. Watu wakampisha njia kama majani. Mimi nikatamani ziwa linimeze na shati langu. Siku mbili za miguu, vizuizi vitano, buati ya mke wangu, vyote nimevitangaza kwa kengele, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

"Hii mashini ya nani?"

"Yangu, afande," Maman Noella akasema.

"Iko nashona?"

"Inashona."

Akainua mguu, akaonyesha suruali yake ya kijeshi. Ilikuwa imepasuka kutoka msambani mpaka gotini, imeshikwa kwa waya wa simu. "Unishonee."

Na Maman Noella, sijui alikula nini nyumbani kwangu, akajibu: "Afande, ona, niko safarini. Leo sifanye kazi."

Waliokuwa nyuma yetu wakarudi hatua tatu. Vijana wangu, mimi katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kuthubutu kumwambia neno hilo hata mtoto anayetafuta kifungo cha kaptura! Yeye anamwambia mtu mwenye bunduki. Nikafumba macho nikingoja mlio. Nikasikia badala yake sauti ninayoijua kuliko sauti ya mama yangu, sauti ya kubembeleza:

"Maman, hata kidogo tu. Ni hapa tu pamepasuka."

Nikafumbua macho. Kumbe ni mteja! Bunduki, macho mekundu, na chini yake mteja tu, kama yule wa mbuzi, kama yule daktari.

"Basi vua," akasema Maman Noella. "Lakini boti ikiita, mi napanda, na suruali yako inabaki nusu."

Akampa kitenge chake cha pili. Askari akaenda nyuma ya mtumbwi, akarudi amejifunga kitenge cha maua ya manjano, bunduki bado begani, na hakuna hata mtu mmoja aliyecheka. Mimi niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Maman Noella akazungusha mkono wa mashini, nami nikashika kitambaa, na mwenye boti ameshaanza kupiga kelele. Mshono wa kwanza, mshono wa pili juu yake. Askari akaivaa palepale, akachuchumaa, akasimama, akaivuta kwa mikono miwili. Haikupasuka. Kisha akageuka kuitazama mashini. Aliitazama muda mrefu. Wenzake watatu nao wakaanza kusogea.

Akainama, akaibeba.

Maman Noella akapiga hatua moja nyuma yake. Askari akaingia majini na mashini kifuani, maji yakampanda mpaka kwenye mshono mpya, akafika kwenye boti, akaiweka ndani, katikati ya magunia. Akawageukia wenzake: "Muiache ipite." Akamgeukia Maman Noella: "Nikipasua tena, nikupate wapi?"

"Kalehe," akasema, akiwa ameshaingia majini naye. "Lakini si siku ya kusali."

Boti ikaondoka. Alifika: niliambiwa wiki mbili baadaye na muuza sambaza kwamba mashini inasikika nyumbani kwake kuanzia alfajiri. Lakini siku ile mimi sikujua. Nilibaki ufukweni hadi boti ikawa doa, kisha nikapanda nyumbani nikiwa nimebeba hadithi yangu, tayari nimeshaipamba njiani: askari wanne wamekuwa arobaini.

Nilianza kuisimulia tangu langoni. Maman Esther alikuwa amekaa chini karibu na dirisha, mahali penye mwanga, ile blauzi ya mtoto wa jirani mapajani, anashona ubavu wake kwa mkono, mshono baada ya mshono. Kesho yake asubuhi jirani alikuwa anakuja kuichukua. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kitenge cha manjano, akanyoosha sindano nyingine kuelekea kwangu bila kuinua kichwa.

"Kaa hapa. Vifungo ni kumi na viwili."

Nikakaa. Nimeuza vifungo vya kutosha kulijaza ziwa la Kivu mpaka lifurike, na siku ile, nikiwa na miaka arobaini na mitano na diploma ukutani, nilishtuka kugundua kwamba sijawahi kushona hata kimoja. Uzi ulinikatikia mara tatu. Nilijichoma vidole vyote, hata vile ambavyo sikuwa navitumia. Nilipomaliza cha kwanza nilimwonyesha kama mtoto anayeonyesha daftari lake.

Akakivuta kwa vidole viwili. Kikabaki mkononi mwake.

"Rudilia," akasema, akanirudishia.